Majirani Igombe Ziwani

JUMATANO

Mama Kulwa, 18:52
Mwadila majirani. Kuna mzazi mwingine wa kidato cha tatu aliyeletewa karatasi hii?
[Picha]

Mama Kulwa, 18:55
Ambao picha haifunguki: Jumamosi hii ya mwisho wa mwezi wanafunzi watafanya huduma ya jamii mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kutoa magugu maji na kuokota taka. Saa 1 asubuhi. Kila mmoja aje na fyekeo, ndoo na nguo za kazi. Basi. Hakuna pa mzazi kusaini, gambuti hazijatajwa, na haijasemwa nani atakuwa nao.

Baba Limi, 18:58
Mama Kulwa nawe kwa kutafuta kosa. Watoto wenyewe wanashinda na simu. Waache washike fyekeo.

Balozi, 19:01
Mwadila wote. Hilo la usafi wa Jumamosi lipo, mtendaji kalitangaza. La wanafunzi ndio nalisikia hapa.

Mzee wa Mwalo, 19:06
Sisi tulisoma wakati wa Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere aliiandika 1967, na sisi tukailima kwa jembe. Shamba la pamba la shule, ekari za kutosha, na hakuna aliyemuuliza mzazi. Sijafa.

Mama Kulwa, 19:08
Shikamoo Mzee. Pamba haioti ndani ya ziwa.

Mzee wa Mwalo, 19:08
Marahaba. Hapo umenipata.

Dada Muuguzi, 19:15
Samahani nilikuwa zamu. Mama Kulwa yuko sahihi na nitasema kwa nini, mnivumilie ni ndefu.

Dada Muuguzi, 19:21
Kwenye magugu ndiko wanakokaa konokono, na ndani ya konokono ndimo kinakolelewa kichocho. Mtu mwenye kichocho cha tumbo akijisaidia kando ya maji, mayai yanaingia ziwani, yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono. Baadaye kwa konokono vinatoka vijidudu ambavyo huvioni kwa macho, vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Huhitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda. Kusimama tu mguu wazi kunatosha. Na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi mchana, yaani muda uleule watoto watakuwa kwenye maji.

Dada Muuguzi, 19:23
Halafu mtoto hatalia siku ile. Labda atajikuna kidogo. Anakuja kwangu miaka baadaye tumbo limejaa, ini limeharibika.

Baba Limi, 19:24
Si wanapewa dawa shuleni? Zile vidonge kubwa za kupimiwa na fimbo ya urefu.

Dada Muuguzi, 19:27
Prazikwanteli. Kampeni zile kwa kawaida ni za shule za msingi, hawa wa sekondari huachwa nje. Na dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka. Ukimeza Jumapili kwa maji uliyoingia Jumamosi umejidanganya. Unasubiri wiki kadhaa ndipo unapima.

Bibi Limi, 19:30
[Sauti, 1:12]

Balozi, 19:33
Kwa wasiosikiliza sauti: Bibi anasema zamani mtu akiingia magugu alihofia nyoka na mamba, sasa naona mnahofia konokono. Anasema pia Jumamosi atachemsha michembe ya viazi kwa ajili ya watoto.

Dada Muuguzi, 19:34
Nyoka nao wamo Bibi, wabeja kwa kukumbusha. Na kwa michembe.

Anko Baltimore, 19:41
Habari za nyumbani. Huku ni mchana, nawasoma nikiwa kazini. Jimbo hili la Maryland mwanafunzi hapati cheti cha sekondari bila saa 75 za kuhudumia jamii. Sheria tangu miaka ya 90. Wanaanza kuhesabiwa saa kuanzia darasa la sita. Binti yangu alimaliza zake kwa kufungasha chakula cha misaada na kuwasomea wazee.

Baba Limi, 19:43
Mnaona! Wazungu wanalazimisha.

Anko Baltimore, 19:46
Baba Limi ngoja. Wanalazimisha saa, hawalazimishi kazi. Mtoto anachagua mwenyewe aende wapi, shule inakubali mahali, na kuna mtu mzima anayesaini fomu kwamba kweli alikuwepo na alikuwa salama. Sikatai udanganyifu upo, nimeona fomu imesainiwa na shangazi jikoni. Ila ukimpeleka mtoto kazini, mtu mzima mmoja lazima ajulikane kwa jina.

Mama Kulwa, 19:48
Hilo la jina ndilo ninalolitaka mimi.

Mama Kulwa, 19:55
Shikamooni wakubwa. Ni Doto hapa, natumia simu ya Mama. Naomba niseme kitu.

Balozi, 19:55
Marahaba Doto. Sema.

Mama Kulwa, 19:58
Sisi tunataka kwenda. Klabu ya mazingira ndiyo iliyoomba, wala hatukutumwa. Shida ni kwamba ikatangazwa mstarini kwamba asiyekuja Jumamosi atafyeka uwanja Jumatatu. Sasa walioomba na waliotishwa tumeandikwa karatasi moja. Kulwa amekasirika anasema haendi tena, na yeye ndiye aliyeanzisha.

Mama Kulwa, 19:59
Mama anataka simu yake.

Mzee wa Mwalo, 20:02
Sasa hapo mimi nimeumia. Mtoto akiomba jembe mwenyewe, unamtishia jembe la nini?

Balozi, 20:04
Ticha yumo humu. Ticha?

Balozi, 20:31
Ticha tunaona tiki za bluu.

Ticha, 20:40
Nipo Balozi, nilikuwa nasoma kwanza. Majirani, barua sikuiandika mimi, ila klabu ni yangu na Jumamosi nitakuwepo mimi kwa jina langu. Gambuti shule haina. La kufyeka uwanja kesho nitaongea na wenzangu, nadhani nitaeleweka. Nipeni ushauri watoto wafanye nini kama hawaingii majini, maana magugu yenyewe yapo majini.

ALHAMISI

Mzee wa Mwalo, 06:10
Mwangaluka. Ticha nimelala na swali lako. Watoto wabaki nchi kavu. Sisi wa mitumbwi tutaingia kwa nyuma ya magugu, tunayasukuma kwa upondo, tunafunga kamba, watu wazima wenye gambuti wanavuta mpaka yaguse mchanga. Mtoto anapokea kwa reki tu.

Baba Limi, 06:14
Si mvute kwa wavu wa kokoro mara moja muondoe yote?

Mzee wa Mwalo, 06:15
Kokoro? Limepigwa marufuku hilo. Utakamatwa wewe na magugu yako, na mimi wa BMU, kikundi cha kulinda mwalo, ndiye nitakayeandika maelezo.

Baba Limi, 06:15
😂 nimenyamaza

Mzee wa Mwalo, 06:22
Jambo jingine. Magugu yakitolewa yasiachwe ukingoni. Kila mwaka tunayarundika palepale, wimbi likija yanarudi kuogelea. Yapelekwe juu, mbali, yakauke. Mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka na miaka zikisubiri. Na huo mmea ukipata nafasi, wiki mbili hivi unakuwa umeongezeka mara mbili.

Ticha, 06:30
Mzee nitakuazima darasani. Nilitaka kuwaonyesha pia wale mbawakawa wadogo walioachiwa ziwani miaka ya 90 kuyatafuna, tukibahatika kuona majani yenye alama zao.

Mama Kulwa, 06:41
Mimi huwa najiuliza, hivi haya madudu yalitoka wapi? Utoto wangu sikuyaona.

Ticha, 06:49
Asili yake Amerika Kusini. Ziwani kwetu yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 80, na mengi huletwa na Mto Kagera. Lakini kuletwa ni jambo moja, kushiba ni jingine. Yanashiba kwa mbolea ya mashamba na kwa maji machafu yetu. Nenda kasimame pale Mto Mirongo unapoingilia ziwani mjini baada ya mvua, utaona chakula chake kinavyopita.

Balozi, 07:05
Kwa hiyo: wanafunzi nchi kavu, wawili wawili, reki na kupanga taka. Majini watu wazima tu. Nahitaji gambuti, glovu, toroli, viroba. Nani ana nini? Na wazazi wenyewe waje, si kutuma watoto.

Baba Limi, 07:09
Bajaji yangu ya mizigo ipo. Viroba vya pumba nitaomba kwa mwenye mashine.

Dada Muuguzi, 07:20
Glovu nitaleta boksi moja. Za zahanati ni laini, za kuokotea chupa tafuteni zile nene. Na Balozi, siku hiyohiyo kuna watu wa Damu Salama wanakusanya damu hapa zahanati. Watoto wa kidato cha tatu sitawagusa, mchangiaji ni miaka 18 na kuendelea, uzito kilo 50 au zaidi. Nahitaji baba zao.

Dada Muuguzi, 07:48
Jamani kikundi kimekuwa kimya ghafla.

Anko Baltimore, 07:50
Mimi ningekuja, ila nauli.

Baba Limi, 07:52
Mimi uzito...

Mama Kulwa, 07:52
Baba Limi! Kitambi hicho cha nani?

Ticha, 13:15
Nimeongea. Asiyekuja Jumamosi hatafyeka chochote Jumatatu, limetangazwa mstarini leo mchana. Fomu ya mzazi wanakuja nayo jioni, ina jina langu na namba yangu. Wengine wameshajitoa, hiyo ni haki yao. Kulwa amerudi, kaniletea orodha ya nani atashika nini kabla sijamwomba.

JUMAMOSI

Balozi, 06:48
Mwangaluka. Niko mwaloni. Wanafunzi wamenitangulia. Wazazi?

Mama Kulwa, 06:50
Tunashuka.

Mzee wa Mwalo, 07:35
[Picha]
Mitumbwi imeingia. Kuna kijana hapa kaleta ngoma, anataka tuvute kwa bugobogobo. Nimemruhusu. Kamba inakwenda yenyewe.

Bibi Limi, 07:40
[Sauti, 0:09]

Balozi, 07:41
Bibi anauliza kwa nini hakuna aliyemwambia kuna ngoma.

Dada Muuguzi, 08:20
Nimemwona mwanafunzi mmoja kavua viatu anaelekea majini kumfuata rafiki wa mtumbwini. Nimemrudisha. Ticha weka kamba ya mpaka kwenye mchanga tafadhali.

Ticha, 08:26
Imewekwa. Kulwa ndiye analinda, na mkali kuliko mimi.

Mama Kulwa, 09:10
Kazi ya magugu inakwenda vizuri kuliko nilivyodhani. Kwenye taka ndiko kwenye maneno. Watoto wanapanga mafungu: chupa za plastiki, nyavu chakavu (nyingi ni timba, zile haramu za uzi wa plastiki, Mzee wa Mwalo kageuza uso), mifuko laini ya malaika, mapanki ya sangara, vioo. Halafu kuna fungu moja linawazidi yote.

Mama Kulwa, 09:11
[Picha]

Baba Limi, 09:13
Nini hicho cheupe?

Mama Kulwa, 09:13
Pampasi.

Mama Kulwa, 09:16
Viroba kwa viroba. Baadhi zimefungwa vizuri ndani ya mfuko, kwa adabu kabisa, halafu zikatupwa ziwani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na bado tunaipata ya kufungia uchafu wa watoto. Sasa niambieni, mwanafunzi wa kidato cha tatu anavaa pampasi?

Balozi, 09:30
Hili tutaliongea.

Mama Kulwa, 09:31
Tuliongee hapahapa Balozi, wote wamo. Tunawaleta watoto wajifunze kutunza mazingira, na wao wameshajua. Kulwa kaniuliza "Mama, hizi zinashuka kutoka nyumba gani?" Mimi najua nyumba. Nilimnyamazia.

Jirani Mpya, 09:44
Habarini. Mimi ni mmoja wao. Nimehamia hapa mwezi uliopita na kichanga. Niliuliza pa kutupa nikaambiwa "huko chini". Gari la taka halifiki kwetu kilimani. Nifanye nini nazo?

Dada Muuguzi, 09:50
Mdogo wangu asante kwa kusema. Usizitupe majini wala kwenye mtaro. Choo kwanza: kilichomo kitoe kiingie chooni, hata kinyesi cha mtoto kina mayai ya magonjwa. Iliyobaki ifunge uweke kwenye kiroba ukisubiri gari. Vitambaa navyo vipo, vinafulika.

Jirani Mpya, 09:52
Gari gani dada?

Mzee wa Mwalo, 10:05
Ana hoja. Juu kule hakuna kizimba cha taka hata kimoja. Mwaloni kipo, kimejaa. Watu wanafuata mteremko.

Ticha, 10:20
Wanafunzi wameandika kila fungu lilikookotwa. Taka nyingi zimetoka kwenye mtaro ule unaoshuka kando ya msikiti, hazijatoka mwaloni. Kulwa na wenzake wamechora ramani kwa mkono. Nadhani ndiyo kazi kubwa waliyoifanya leo, kuliko magugu.

Balozi, 10:24
Hiyo ramani naihitaji. Mtendaji ukimwambia kwa mdomo anaitikia tu. Karatasi ataiweka mezani.

Bibi Limi, 10:40
[Sauti, 0:31]

Balozi, 10:42
Michembe na chai tayari, wanawe mikono kwa sabuni kwanza. Anasema Baba Limi asionekane kwenye foleni mpaka apite zahanati.

Dada Muuguzi, 12:15
Amepita. Kilo 84. Ametoa, amekunywa soda mbili, anajidai. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, nawaandika majina.

Mama Kulwa, 14:02
Ni Doto. Naomba kujua hii ramani itakwenda kweli ofisini au itakaa kwa Balozi? Samahani Balozi, shikamoo.

Balozi, 14:06
Marahaba. Jumatatu saa 3 asubuhi, ofisi ya mtaa. Mimi, Ticha, Mama Kulwa na Jirani Mpya kama mtoto ataruhusu. Tunaomba kizimba juu na siku ya gari. Mzee wa Mwalo atashuhudia upande wa BMU. Nyie mnakuwa darasani, ila majina yenu yatakuwa juu ya ramani.

Mama Kulwa, 14:07
Kulwa anasema mwandike pia majina ya nyumba.

Balozi, 14:09
Majina ya nyumba hapana. Mtaro unatosha.

Mama Kulwa, 14:10
Anasema sawa, kwa sasa.

Balozi, 14:13
Baba Limi, Jumatatu utatupeleka na bajaji.

Baba Limi, 14:20
Mafuta ya nani?

Balozi, 14:21
Jitolee.

Baba Limi, 14:29
Sawa. Kwenda nawapeleka. Kurudi mtapanda kilima wenyewe, mimi nimetoa damu.