Tumechoka kuwa wapangaji: wachoraji 180 tunataka mtandao wetu wenyewe, tuanzie wapi?

BrashiKavu (mwanzisha uzi):
Habari za wakati huu wanajamvi. Naombeni ushauri, hasa kwa wenye uzoefu wa seva.

Sisi ni wachoraji kama 180. Kuna wa penseli, kuna wa rangi za maji, ila wengi wanachora kwenye tableti. Kwa miaka 6 kundi letu lilikuwa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii. Mwezi uliopita likafungwa, tukaambiwa tumekiuka taratibu, basi. Nahisi tatizo ni michoro ya mazoezi ya mwili wa binadamu, ile ambayo huwezi kujifunza kuchora mtu bila kuipitia. Tumekata rufaa mara tatu na zote zimejibiwa na mashine. Picha kila mtu anazo kwake. Kinachoniuma ni maoni yaliyokuwa chini ya picha: miaka 6 ya watu kuelekezana, "kivuli umekitupa upande wa taa", "huo mkono ukinyooka utafika gotini". Hayo hayana nakala popote.

Sasa wenzangu wanasema tujenge kwetu, na kwa kuwa niliwahi kuweka tovuti ya WordPress, macho yote yako kwangu. Tutumie programu gani? Mtu mmoja anaweza kuiendesha? Na tukihama, nani ataona kazi zetu? Wapo wanaoishi kwa oda za michoro, siwezi kuwapeleka mahali ambapo hawatapata mteja.

FundiWaUsiku:
Pole sana mkuu. Kabla ya programu, kaeni mkubaliane jambo moja: mnataka kuonekana na watu wa nje, au mnataka mahali pa kufundishana? Ni nyumba mbili tofauti.

Kama ni kuonekana, angalieni Mastodon (ipo tangu 2016) au Pixelfed (2018), ambayo imejengwa kwa ajili ya picha. Zote ni programu huria za kujiwekea mtandao wa kijamii kwenye seva yako, na zinazungumza itifaki (lugha ya pamoja ya seva) ya ActivityPub, iliyopitishwa rasmi mwaka 2018 na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Ichukulie kama barua pepe: mimi niko kwenye seva yangu, wewe yako, na bado tunafuatana na kujibizana. Kwa hiyo hamtakuwa kisiwa. Ila msitarajie mashine iwasukumie watazamaji. Huko watu wanakupata kwa hashtegi na kwa wenzako kuisambaza posti yako, na inachukua muda.

Kama ni kufundishana, Discourse, programu ya jukwaa la mijadala, itawafaa zaidi. Mjadala unakaa pamoja, unatafutika hata baada ya miaka, na nakala ya kila kitu unaipakua kama faili moja. Kwa ulivyoeleza hayo maoni yaliyopotea, mimi ningeanzia hapo.

WinoMweusi:
Naendesha seva ya Mastodon ya wachora katuni, mwaka wa tatu huu, tuko kama 90. Nikupe yale ambayo sikuambiwa.

Diski ndiyo itakayokuamsha usiku. Seva yako haitunzi picha zenu peke yake. Kila mnayemfuata kwenye seva nyingine, picha zake nazo zinanakiliwa kwako ili wanachama wazione haraka. Wachoraji hufuata wachoraji, basi jaza ujazwe! Sisi diski ilijaa wiki ya tano, hifadhidata ikagoma, tukalala gizani siku nzima. Kwenye mipangilio ya usimamizi kuna sehemu ya kuamuru nakala za picha za nje zifutwe baada ya siku kadhaa, mimi nimeweka 7. Iweke siku ya kwanza. Picha zenu wenyewe zipeleke kwenye hifadhi ya nje ya aina ya S3 (nafasi ya faili unayokodi mtandaoni), usiziache kwenye diski ya seva.

La pili ni barua pepe. Seva mpya ikituma yenyewe barua za kuthibitisha akaunti, nyingi zinaangukia kwenye taka, na watu watadhani umewakataa. Tumia huduma ya kutuma barua.

La tatu, bekapu ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiihesabu kuwa bekapu. Mimi kila mwezi nairudisha kwenye mashine ya pembeni na kufungua posti kumi za zamani kuona kama zipo.

Kikoa:
Niongezee hapo kwa WinoMweusi. Jina la tovuti lichagueni kwa utulivu, kwa sababu kwenye Mastodon ukishaanza kuungana na seva nyingine huwezi kulibadilisha. Kila akaunti imefungwa kwenye jina hilo. Na epukeni mwisho wa jina ambao ni wa nchi fulani kwa sababu tu unapendeza. Februari 2024 jamii ya queer.af ilipoteza jina lake baada ya mamlaka za Afghanistan, chini ya Taliban, kulisimamisha, kwa kuwa .af ni mali ya nchi hiyo. Watu walijenga miaka, jina likaondoka mara moja.

MzeeWaTarakimu:
Nitasema kinyume kidogo, mnisamehe. Dada, unajua unachobeba? Juni 2024 mtandao wa wasanii wa Cara uliwavuta watu waliokimbia mitandao inayotumia kazi zao kufundishia akili mnemba. Kutoka watumiaji kama 40,000 ukapita 600,000 kwa takriban wiki moja. Mwanzilishi wake, mpiga picha Jingna Zhang, akaonyesha hadharani bili ya seva ya dola 96,280. Ninyi hamtafika huko, lakini ukikubali huduma inayolipiwa kadiri inavyotumika bila kuiwekea kikomo, na picha moja isambae, utalia. Chukua seva ya bei moja kwa mwezi. Ikizidiwa itapungua kasi, haitakufilisi.

Na usajili ufungeni, mtu aingie kwa mwaliko tu.

FundiWaUsiku:
Hilo la mwaliko naliunga mkono kwa mikono miwili.

Mpatanishi_B:
Wote mmeongelea mashine. Mimi nilikuwa modi (msimamizi wa mijadala) kwenye jamii ya wapiga picha miaka 4, na mashine haikuwahi kutushinda. Tulishindwa na watu, tena watu wazuri. Mwenye seva alikuwa mmoja, nenosiri lake, kadi yake ya benki. Akaugua. Ankara ya seva haikulipwa, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ufunguo, na tuliposikia, mtoa huduma alikuwa ameshafuta kila kitu. Alipopona alitulilia. Hakuwa na kosa, tulimwachia mzigo wa watu 300 peke yake.

Mastodon wana mkataba wa seva, na seva inayotaka kuorodheshwa kwao lazima iukubali. Mkataba huo unataka bekapu kila siku, angalau mtu mmoja mwingine mwenye uwezo wa kuingia kwenye seva kukitokea dharura, na taarifa ya miezi 3 kabla ya kufunga. Hata kama hamtaorodheshwa, hata kama mtatumia Discourse, uchukueni ulivyo. Hiyo miezi 3 ina sababu: ukihama akaunti ya Mastodon wafuasi wako wanahamia nawe lakini posti hubaki nyuma, na kuhama kwenyewe kunahitaji seva ya zamani iwe bado hai. Ikifa ghafla, hakuna wa kuwaambia wafuasi umekwenda wapi.

Na taratibu ziandikeni kabla ya kufungua mlango. Hiyo michoro ya mwili iliyowafukuzisha, kwenu itaruhusiwa vipi? Itafunikwa na onyo? Vipi kuhusu umri wa wanachama? Someni pia sheria ya mahali seva ilipo na ya mahali mlipo ninyi. Kama kitapandishwa kitu cha kumdhalilisha mtoto, mwenye seva ndiye atakayeulizwa.

BrashiKavu:
Nimesoma kila jibu mara mbili. Mpatanishi_B, habari ya huyo aliyeugua imenikaa moyoni, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nakwenda kufanya. Nilishatoa kadi yangu.

Swali la nyongeza: kwetu tutakuwa salama na roboti zinazozoa picha za kufundishia akili mnemba? Wengi ndilo wanaloniuliza kwanza.

WinoMweusi:
Usiwaahidi hilo. Faili ya robots.txt, ile inayoziambia roboti zisiingie wapi, ni ombi tu, roboti yenye adabu inaitii na isiyo na adabu inapita. Unaweza kuzizuia kwenye seva zile zinazojitambulisha, na kurasa zinazohitaji kuingia kwa akaunti zinapunguza uzoaji kwa kiasi kikubwa. Wapo wanaopitisha picha kwenye Glaze au Nightshade, programu za watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, ili kuzivuruga mashine za kujifunza mitindo. Wengine wanalalamika kwamba alama zinaonekana kwenye rangi tulivu. Kila mchoraji aamue kwa kazi yake.

BrashiKavu:
Nimerudi baada ya wiki mbili. Tumekaa, tumekubaliana tuanze na Discourse ya kufundishana, kwa mwaliko. Wenye oda watabaki na kurasa zao za nje na kuweka viungo huku, mambo ya Mastodon tutayatazama mwakani. Tuko watatu wenye ufunguo. Seva inalipwa kwa mchango, na akiba ya miezi 6 ipo kabla hatujafungua. Mwenzetu mmoja alikuwa amehifadhi kurasa za kundi la zamani kwenye kompyuta yake, karibu maoni 400, tunayaingiza moja moja kwa ridhaa ya walioyaandika.

Jana nilifuta seva ya majaribio nzima na kuirudisha kutoka kwenye bekapu. Posti zote zilirudi, picha 11 hazikuonekana. WinoMweusi, nianze kutazama wapi?

WinoMweusi:
Hongera! Angalia kama bekapu yako imewekwa kuchukua na faili zilizopandishwa. Kuna kisanduku chake kwenye mipangilio ya bekapu. Kama kiko sawa, niandikie inbox na unitumie ujumbe wa kosa.