Dawa ya saratani inayojaribiwa kwa mara ya kwanza: ni matibabu?

Wakuu, mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa na dawa zote zimegonga mwamba anaambiwa kuna dawa mpya inajaribiwa. Akisikia neno "dawa" tu, moyo unarudi. Lakini awamu ya kwanza ya majaribio kazi yake ni kutafuta dozi. Mara nyingi watu watatu huanza na dozi ndogo. Wasipodhurika, watatu wengine hupewa kubwa zaidi, hivyo hivyo hadi madhara yawe makali mno. Aliyetangulia huenda akapewa kiasi kisichougusa ugonjwa. Wa mwisho ndiye anayelazwa.

Mapitio ya majaribio 460 ya aina hii Marekani, ya kuanzia 1991 hadi 2002, yalionyesha uvimbe ulinywea au kutoweka kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi. Waliouawa na dawa yenyewe walikuwa kama nusu asilimia. Na kunywea si kupona.

Sisemi wakatazwe. Nasema neno "matibabu" lifutwe kwenye fomu ya ridhaa.

Mchangiaji: Mleta mada, umechagua takwimu zinazokufaa. Dawa ya saratani ya damu iitwayo imatinib ilianza kujaribiwa kwa watu mwaka 1998. Kati ya wagonjwa 54 wa saratani sugu ya damu waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 damu yao ilirudi kawaida. Na hao dawa nyingine, interferoni, ilikuwa imeshashindwa kuwasaidia! Hapa jirani Kampala, miaka ya 1960, watoto wenye uvimbe wa Burkitt, ule wa taya, walipewa dawa za kemikali zilizokuwa bado changa na wapo waliopona kabisa. Utawaambia hawakutibiwa? Mtu mwenye siku za kuhesabu mwache aamue mwenyewe.

Mleta mada: Kampala nakubali, hiyo umenishika. Ila imatinib ililenga protini moja iliyokwisha kujulikana kuwa ndiyo inayoendesha ugonjwa ule. Dawa nyingi haziingii kwenye majaribio na bahati hiyo. Kuhusu kuamua mwenyewe, mfa maji haachi kutapatapa, na fomu ya kurasa ishirini anaisaini bila kuisoma. Kwa hiyo nauliza: wa kukaa naye amweleze awe daktari anayeendesha jaribio, au mtu asiye na maslahi nalo?