Mrejesho: mtoto wa dada yangu amepata moyo mpya

Ndugu zangu, asanteni kwa maombi. Mwaka jana niliwauliza kutoka Bukavu: mtoto wa dada yangu aliye Ubelgiji, miaka 6, moyo wake umetanuka na kulegea, madaktari wanataka kumpandikiza mwingine. Je, watoto hupona kweli?

Amepandikizwa, yuko nyumbani. Juzi tuliongea kwa video. Alipandisha fulana akanionyesha kovu, mstari mmoja katikati ya kifua, kisha mama yake akamletea dawa. Saa 2 asubuhi, saa 2 usiku, maisha yake yote, ili mwili usiukatae moyo mgeni. Balungi haonji kabisa, maana linapandisha dawa hiyo kwenye damu kupita kiasi.

Jibu la swali langu: takriban watoto 9 kati ya 10 wanamaliza mwaka wa kwanza, na zaidi ya nusu ya wenye umri kama wake wanavuka miaka 15. Namba hiyo ya pili ilinichoma, nililia. Baadaye mishipa inayolisha moyo huweza kuziba taratibu, na wengine hupandikizwa tena. Lakini mtoto wa kwanza kabisa kupandikizwa moyo, Marekani mwaka 1967, aliishi saa chache tu.

Mama aliyeniuliza kuhusu chanjo: zenye virusi hai kwa kawaida hapewi baada ya kupandikizwa, kwa hiyo kaka zake wamechanjwa zote, wasimletee ugonjwa. Shule anarudi mwezi ujao, na ameshaomba mpira.