Mtu wa Dodoma anaishije kwenye kitongoji cha Uingereza kilichotulia?

Mama Wawili, Kisasa

Wakuu, habari za jioni. Mume wangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu kwenye mji wa Reading, Uingereza, na kwa kuwa ni ya utafiti ameruhusiwa kwenda na familia. Nyumba tuliyoonyeshwa ipo Lower Earley, nje kidogo ya mji. Nimeingia kwenye ile ramani ya picha ya Google nikauzunguka mtaa wote, picha za mchana kweupe. Sikuona mtu! Magari yamepaki, ua umekatwa ukakatika, binadamu hakuna. Mimi nimezaliwa Chang'ombe, nimeolewa Kisasa, sijawahi kukaa mahali nisiposikia jirani akikohoa. Mliokaa huko, siku inaendaje? Mume akiwa chuoni nitaongea na nani? Watoto wana miaka sita na mitatu. Habari za London na ile saa yao kubwa sizihitaji, nataka za mtaani. Nawasilisha.

Bibi Zabibu, Ilazo

Dada yangu, hapo umefika kwa mwenyewe. Niliwahi kukaa Lower Earley hiyohiyo, mume akisoma, mimi nikilea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Picha haijakudanganya. Ni nyumba za matofali zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, vijia vinapinda pinda na vingi vinaishia ukutani, kwa hiyo hakuna mpita njia. Anayepita pale anakaa pale, au amepotea.

Watu wapo, ila wana saa zao. Saa mbili na nusu asubuhi mtaa unajaa wazazi wanaopeleka watoto shule kwa miguu, wanatembea mbio mbio. Baada ya nusu saa, kwisha. Saa tisa na kitu wanarudi nao. Hapo katikati utamsikia posta, na mtu mmoja anayekata majani kwa mashine.

Wengi watakwambia Wazungu wana roho ngumu. Ubaguzi upo, sikatai, nimeuonja kazini. Lakini ukimya wa ule mtaa nauelewa kivingine. Hapa Ilazo jirani yangu namjua kwa sababu ya maji. Mgao ukianza, yeye ana simtanki la lita elfu tano na mimi nina ndoo. Gesi ikiniishia maharage yakiwa nusu, namtuma mtoto kwake. Yeye akisafiri kwenda Kondoa, kuku wake nawalisha mimi. Ngazi, jembe, chumvi, kusindikizana hospitali usiku, yote hayo ndiyo yaliyotufanya tujuane, maana kwa tabia peke yake mimi na yule mama tusingeongea! Sasa kule maji hayakatiki. Umeme nao ni hivyo hivyo. Taka zinafuatwa mlangoni, ukizidiwa usiku unapiga 999, namba yao ya dharura. Mtu hana sababu ya kupiga hodi, basi hapigi. Ukimpigia hodi bila sababu unamtia wasiwasi, atafungua mlango kidogo na uso wa kuuliza nani kafa.

Kwa hiyo sababu unaitafuta. Kule ziko mbili nzuri. Ya kwanza ni vifurushi. Watu wananunua kila kitu mtandaoni, na mpeleka mizigo asipomkuta mwenyewe anaacha kwa jirani. Wewe mama wa nyumbani utapokea vya mtaa mzima. Pokea, usinune! Jioni wanakuja kuvifuata mmoja mmoja, na mimi nilijua majina yao hivyo. Ya pili ni mapipa ya taka. Taka zinatenganishwa, kila pipa na siku yake, na jioni ya kuamkia siku hiyo watu wote wanayasukuma nje. Pale ndipo wanaposimama kuongea. Wataongea hali ya hewa, na wewe ongea hali ya hewa hiyohiyo, usiwaulize wana watoto wangapi.

Nilikuwa na jirani mzee, mstaafu wa reli, mkewe alishatangulia mbele ya haki. Tanganyika aliijua kwa habari ya karanga tu. Nilimpelekea chapati. Sahani ikarudi imeoshwa, ndani yake kadi ya kushukuru iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Kwetu sahani ikirudi tupu unajiuliza umemkosea nini, yeye ile kadi ndiyo heshima yenyewe. Baada ya hapo akawa ananitolea pipa kila nikiwa zamu ya usiku, na msimu wa matufaha mfuko unaukuta mlangoni. Kuingia ndani kwangu hakuwahi, wala mimi kwake. Tulipendana pale pale kizingitini mpaka tunaondoka.

Kinachotesa ni giza. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Sisi tuliozoea jua la Dodoma la kuanika ulezi hata mwezi wa sita, ule ni mtihani. Toka nje mchana kila siku, hata kama huna unakokwenda. Juni wanakurudishia deni: jua linazama saa tatu na dakika zake usiku, watoto wanakataa kulala, nunua mapazia mazito.

Na ukisikia usiku mtoto analia bustanini, usitoke na khanga kwenda kumwokoa. Ni mbweha. Januari ndio wanatafutana.

Mkongwa Halisi

Karanga tena jamani! Mwaka 1947 Waingereza walikuja kwetu Kongwa kulima karanga na matrekta yao, ardhi ngumu, mvua haba, mwaka 1951 mradi ukafungwa. Wazee wetu waliwashangaa hawa watu wanaoishi kwenye nyumba zilizoachana na hawatembeleani mpaka wapeane taarifa. Naona hawajabadilika. Dada, nenda tu, wao walivumilia upepo wa Kongwa.

Kaka wa Maboksi, Harrow

Bibi Zabibu kasema vizuri, ila mleta mada asidhani vitongoji vyote viko hivyo. Mimi nipo Harrow, kaskazini magharibi mwa London. Nyumba nyingi huku ni za miaka ya 1920 na 1930, zimeungana mbili mbili, zilifuata reli. Majirani zangu ni Wagujarati, na baadhi ya wazee wao wamezaliwa Afrika Mashariki. Kuna mama muuza duka nilikuwa namhesabia hela kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, akanijibu, "Kijana, sema Kiswahili, unanichelewesha." Unga wa mahindi, mihogo, bamia, vyote vipo hapo kwake. Barabarani kelele mpaka usiku. Ila hata hapa, ukishaingia kwenye mtaa wa nyumba, kimya.

Niongeze la pesa kwa kuwa naona hakuna aliyeligusa. Kwa viza ya mwanafunzi, ada ya afya ni pauni 776 kwa mwaka kwa kila kichwa, watoto wamo, na inalipwa ya miaka yote kwa mpigo wakati wa kuomba viza. Kuna pia kodi ya halmashauri, nyumba zimepangwa madaraja A mpaka H kwa thamani ya mwaka 1991. Mwanafunzi ana misamaha yake, mume aulize chuo mapema. Sherehe nazo mziangalie: kuanzia saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi halmashauri ina sheria ya kelele, na jirani hatakuja kukwambia punguza, atapiga simu. Sisi tulikuwa na kipaimara hapa tukaanza saa nne asubuhi.

Mama Wawili, Kisasa

Asanteni sana. Hiyo ya vifurushi nimecheka peke yangu, lakini nimeielewa kuliko yote. Mama mkwe anataka nibebe samli na nyama ya kukausha, nimwambieje? Na huyu wa miaka mitatu, nakaa naye ndani kutwa nzima?

Bibi Zabibu, Ilazo

Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba nyama na vitu vya maziwa kutoka nchi kama yetu haviruhusiwi kuingizwa na abiria, na samli ni ya maziwa. Watavitupa mbele ya macho yako. Badala yake akupe vitenge, atafurahi kuonekana kwenye picha.

Mtoto wa miaka mitatu ana haki ya saa 15 za chekechea bila malipo kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka. Zinaanza muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitatu. Saa zinazobaki, tafuta vikundi vya wazazi na watoto kwenye kumbi za makanisa na maktaba. Hawaulizi dini. Watoto wanachezea midoli sakafuni, mama zao wanakunywa chai na biskuti. Mwanzoni utakaa pembeni kama mgeni wa harusi asiyejua ni wa upande gani, wiki ya pili nenda tena. Mimi rafiki zangu wawili wa kweli niliwapata pale, mmoja Mpolandi na mwingine wa Ghana, wote walikuwa wanatafuta mtu wa kuongea naye kuliko mimi.

Jumapili maduka makubwa yanakuwa wazi kwa muda wa saa sita tu, usije ukaondoka ibadani jioni ukitegemea kupitia sokoni.

La mwisho na uliandike mahali. Anuani yako itasema Reading, lakini Lower Earley ipo chini ya halmashauri ya Wokingham. Maombi ya shule ya huyo wa miaka sita yapeleke Wokingham. Nina jamaa aliyapeleka Reading, akazungushwa wiki nzima, mtoto yuko nyumbani anaangalia katuni.