Mrejesho: lenzi ya 50mm, f/1.8 au f/1.2?

Wakuu, niliuliza kama Canon RF 50mm f/1.2L inastahili bei yake ukiilinganisha na RF 50mm f/1.8 STM, ile ya bei nafuu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingiza mwanga linafunguka zaidi). Asanteni sana. Aliyeshauri niazime zote mbili kwanza kanisaidia kuliko wote.

Nimepiga picha za watu kwa zote. Kuanzia f/4 sioni tofauti ya kunishawishi. Mambo yanabadilika tundu likiwa wazi kabisa: ile ya f/1.2 inatoa picha kali hadi karibu na pembe, taa za nyuma zinayeyuka vizuri mno, na inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili. Ila fokasi inakuwa nyembamba kama wembe. Jicho moja likikaa sawa, la pili limeshafifia. Halafu uzito! Gramu 950 dhidi ya 160, mkono unachoka mapema. Kinga ya vumbi na maji iko kwenye ile ghali tu.

Nimechukua f/1.8. Pesa iliyobaki naiweka kwenye flashi, maana napiga sana ndani. Anayeishi kwa harusi za usiku, huyo achukue f/1.2 bila kusita.