MREJESHO: Hadithi ya Tintin isiyo na vita

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama ni sawa kumwandikia mpwa wangu hadithi ya Tintin, yule mwanahabari kijana wa vitabu vya katuni, ambamo Vita Kuu ya Pili haikutokea kabisa. Wengi mlisema andika tu. Mmoja akasema nianze kwa kuchunguza vita ilimfanyia nini mchoraji mwenyewe. Huyo namshukuru sana.

Hergé alianza kumchora Tintin mwaka 1929, katika gazeti la watoto huko Ubelgiji. Mei 1940 Wajerumani wakavamia, gazeti likafa, na kisa cha mafuta jangwani kikakatika katikati. Alikirudia mwaka 1948. Miaka minane! Basi nimeanzia pale pale kilipokatikia, nikakiendeleza kana kwamba hakuna aliyemshika mkono.

Kilichonisumbua ni Kapteni Haddock, yule nahodha rafiki wa Tintin. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1941, nchi ikiwa tayari chini ya Wajerumani. Nikiifuta vita, namfuta na yeye? Nilikwama hapo karibu wiki mbili. Mwishowe nikamleta bandarini, meli yake imebeba kahawa ya Kilimanjaro (hilo ni langu, msinilaumu), na nadhani ndiyo sehemu niliyoiandika vizuri kuliko zote.

Jumapili nilimsomea dogo barazani, hapa Moshi, mlima umefunguka wote. Alisikiliza kimya hadi mwisho, kisha akauliza: "Mjomba, kahawa ilifika?"

Sura ya pili naianza leo usiku.