Msaidizi wa utafiti idara ya saikolojia, kampuni ya data, au Ujerumani? Naomba ulinganisho

Binti_Ubungo
Habari za humu wadau. Nimemaliza shahada ya kwanza ya saikolojia mwaka jana, GPA 3.6, nipo nyumbani Dar nasambaza wasifu. Lengo ni uzamili wa saikolojia tiba Muhimbili. Nina mambo matatu mezani na yote yanataka jibu mwezi huu.

La kwanza: mhadhiri wa idara niliyosoma anatafuta msaidizi wa utafiti kwenye mradi wake wa sonona kwa wanafunzi wa sekondari. Mwaka mmoja, laki tatu na nusu kwa mwezi, "pesa ya mradi ikishaingia". Maneno hayo ya mwisho ni yake.

La pili: kampuni ya kukusanya data inachukua watu kwenda Dodoma na Singida wiki sita, elfu hamsini kwa siku. Dodoso ni la kilimo na lishe, ila lina kipande cha afya ya akili.

La tatu: rafiki yangu aliyeko Leipzig anasema niache yote niombe uzamili kule, kazi ya maabara nitaipata chuoni hapo hapo.

Mliopita huko mngechagua kipi? Na tafadhali msinijibu "fuata moyo wako". Moyo wangu unataka hela na uzamili kwa pamoja.

Mzee_wa_Dodoso
Dada, hiyo ya pili ndiyo kazi yangu ya kila siku. Elfu hamsini ukiisikia ni tamu, lakini uliza kwanza: gesti analipa nani? Chakula je? Na bodaboda ya kijiji hadi kijiji? Kama vyote vinatoka humo humo, utarudi na nusu yake. Uliza pia siku za mafunzo zinalipwaje, maana mafunzo huisha kwa mtihani na kuna watu hupanda basi la kurudi kabla kazi haijaanza.

Kizuri chake ni nidhamu. Siku hizi dodoso liko kwenye kishkwambi, kwa programu za kukusanya data kama ODK au SurveyCTO. Mashine inaandika saa uliyoanza na uliyomaliza, inachukua eneo ulipo, na mhojiwa akiwa ameridhia inaweza kurekodi vipande vya sauti bila wewe kujua ni swali lipi. Kesho yake msimamizi anarudi kwenye kaya kadhaa kuuliza maswali machache upya. Zile enzi za kujaza dodoso chini ya mwembe zimepita, na wanaojaribu hukamatwa wiki ya kwanza. Ukitoka hapo unajua kusoma swali kama lilivyoandikwa na kunyamaza mpaka mtu ajibu mwenyewe. Wasomi wengi hilo hawaliwezi.

Kibaya: unagusa hatua moja tu. Swali limetoka wapi hujui, na data ukishaituma jioni huioni tena maishani.

Kibali_Kimetoka
Mimi nimekaa kwenye kiti hicho cha kwanza, idara ya saikolojia chuo cha umma, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Kwanza jina lisikuchanganye. Msaidizi wa utafiti si mkufunzi msaidizi. Mkufunzi msaidizi ni ajira ya chuo, inapita Sekretarieti ya Ajira, na vyuo vya umma vinataka GPA ya 3.8 kwenda juu. Wewe wa 3.6 mlango huo umefungwa kwa sasa. Msaidizi wa utafiti ni mtu wa mradi: analipwa na fungu la mhadhiri, na fungu likiisha naye ameisha. Nimeona watu wanakaa idarani miaka wakiamini "watachukuliwa". Hakuna wa kuwachukua.

Pili, usitegemee kuanza na wanafunzi mashuleni. Utaanza na barua. Kibali cha kamati ya maadili. Kwa utafiti wa afya kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Mradi ukiwa na mtafiti kutoka nje ya nchi kuna kibali cha COSTECH pia, ile tume ya sayansi na teknolojia. Kisha barua ya Makamu Mkuu wa Chuo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakupa nyingine ushuke nayo wilayani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu sekondari, ndiyo ufike kwa mkuu wa shule ambaye naye atakwambia urudi baada ya mitihani. Wanafunzi wakiwa chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi, halafu mtoto naye akubali kwa hiari yake. Fomu za wazazi hupotea kwenye mabegi ya watoto kama peremende. Utazichapa tena na tena.

Hapo ndipo kazi hii inapokufundisha. Utakuwepo dodoso likitafsiriwa kwenda Kiswahili, mtu mwingine asiyeliona la awali akilirudisha Kiingereza, mkae mezani mbishane. Utalijaribisha kwa wanafunzi wachache na kugundua swali fulani hakuna anayelielewa. Utaingiza data, utasafisha data, utaandika neno kwa neno mahojiano yaliyorekodiwa ya saa moja kwa siku nzima, masikio yaume. Mtu wa kampuni hapati hata robo ya hayo.

Sasa la muhimu kuliko hela. Mradi wa sonona karibu lazima utumie PHQ-9, dodoso fupi la kupima dalili za sonona, au kitu cha aina yake. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kabla hujasaini chochote muulize mhadhiri: mtoto akiweka alama yoyote juu ya sifuri hapo, saa nne asubuhi, shule ya Mbagala, tunampeleka kwa nani? Kwa nauli ya nani? Mzazi anapigiwa na nani? Akikujibu kwa majina na namba za simu, fanya naye kazi. Akikwambia "tutaangalia", kaa mbali, maana siku hiyo atakayekuwa amesimama mbele ya mtoto ni wewe.

Binti_Ubungo
@Kibali_Kimetoka asante sana, hilo la swali la tisa sikuwa nimeliwaza kabisa. Namuuliza kesho.

Fundi_Stata
Chukua ya pili, hela mkononi. Siku thelathini za kazi ni milioni moja na nusu. Ya idara ni milioni nne na laki mbili kwa mwaka *kama* ikiingia. Msomi njaa ni njaa tu.

Mzee_wa_Dodoso
@Fundi_Stata na baada ya wiki sita? Mimi mwaka jana nilikaa toka Septemba hadi Januari nasubiri simu.

Wa_Ngara
Hamjambo majirani. Kwetu Nairobi karatasi ni kidogo kuliko hizo zenu, ila zipo: kamati ya maadili ya taasisi, kisha leseni ya NACOSTI, tume yetu ya sayansi, kisha unajitambulisha kaunti.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja: taasisi ya utafiti iliyo nje ya chuo lakini inayofanya saikolojia yenyewe. Hapa kuna Busara, ilianza 2011, na ilijulikana kwa kuleta majaribio ya maabara kwa watu wa kawaida. Mshiriki anatoka Kibera, anakaa mbele ya kompyuta ya kugusa, hata kama hasomi vizuri anaweza kushiriki, na malipo yake yanamfikia kwa M-Pesa. Msaidizi wa utafiti wa mahali kama hapo anajifunza kupanga jaribio: kundi hili linapata nini, lile halipati nini, nani hajui nini. Ukishaelewa hilo, somo la takwimu linakuwa na sura.

Swali jingine la kumuuliza mhadhiri: jina langu litakaa wapi kwenye makala? Si lazima uwe mwandishi. Kukusanya data peke yake kwa kawaida hakutoshi kukupa uandishi. Lakini kama utashika uchambuzi na kuandika sehemu ya mbinu, mkubaliane mapema, kwa barua pepe. Makubaliano ya korido hayana shahidi.

Bi_Mtwapa
Wanangu, mmesahau pwani. Kilifi, pwani ya Kenya, kuna kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome tangu 1989, na wana watu kazi yao ni kupima ukuaji wa akili za watoto. Kipimo cha Kilifi cha ukuaji wa watoto wachanga kimetengenezwa huko huko, kinaangalia mwendo wa mtoto na namna macho na mikono vinavyoshirikiana, kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Nilifanya kazi ya kupima kwa miaka kadhaa. Ni kazi ya mkeka. Mtoto akilia unangoja. Mama akimsaidia kwa jicho unamwambia kwa adabu, "mamangu, muache mwenyewe." Wapimaji wawili wanampa alama mtoto mmoja, kisha zinalinganishwa, zikipishana sana, mnarudi mafunzoni.

Mkataba ni wa maana na mshahara unaingia. Ubaya wake nafasi ni chache na wenyeji wa lugha za hapa wana nafasi mbele, kwa haki kabisa, maana mama wa Kigiriama humpimii mwanawe kwa Kiswahili cha Dar.

Mtu_wa_Sachsen
Nipo Ujerumani, nimalize hii habari ya rafiki yako. Hajakudanganya, ila kakupa nusu.

Kazi anayoisema huku wanaiita HiWi. Ni ya mwanafunzi aliyesajiliwa tayari, kwa hiyo huwezi kuiomba ukiwa Ubungo. Ni saa chache kwa wiki. Faida yake kwa sisi wenye viza ya masomo ni kwamba kazi ya usaidizi chuoni haihesabiwi kwenye zile siku 140 za kufanya kazi kwa mwaka. Unaitaarifu tu ofisi ya uhamiaji. Lakini haitalipa pango. Viza yenyewe inataka uonyeshe hela za kuishi mwaka mzima kwenye akunti iliyofungwa, yaani unatoa kiasi tu kila mwezi; mwaka 2025 zilikuwa euro 11,904. Hizo unatoa wapi, ndilo swali.

Kazi yenyewe: kumvalisha mshiriki kofia ya kupima umeme wa ubongo, kujaza jeli kwenye matundu yake, kumwonyesha picha kwenye skrini, kisha kumwelekeza sinki la kuoshea nywele. Washiriki wengi ni wanafunzi wa saikolojia ambao digrii yao inawadai saa kadhaa za kushiriki tafiti. Ndiyo maana makala ya mtafiti Joseph Henrich na wenzake ya 2010 iliwauma wengi: saikolojia imejengwa juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, na hasa wanafunzi wao, halafu ikasemwa ni ya binadamu wote. Kwa macho yangu, aliyeshika data safi ya sekondari za Temeke ana jambo la kusema ambalo hawa hawana.

Na kama unataka *tiba*, huku ndiyo pagumu zaidi. Tangu sheria mpya ya 2020, leseni ya tiba ya saikolojia inapitia shahada zilizoidhinishwa mahsusi, na mafunzo yake ni kwa Kijerumani.

Dada_Mshauri
Niseme lisilopendeza: hakuna kati ya hayo matatu linalokufanya uwe karibu na mgonjwa. Utafiti si tiba. Kama ni saikolojia tiba kweli, tafuta na siku moja kwa wiki kwenye huduma ya ushauri, hata kwa kujitolea. Kwenye usaili hutaulizwa PHQ-9 ina maswali mangapi.

Kibali_Kimetoka
Nakubaliana nusu. Uzamili una tasnifu, na wengi wanakwama hapo. Anayejua tayari kuandika pendekezo la utafiti na kuendesha uchambuzi anamaliza kwa wakati. Kwa hilo la uchambuzi: usisubiri programu ya takwimu ya SPSS ya kuazima. Pakua JASP au R, zote ni bure.

Binti_Ubungo
Mrejesho. Nimeongea na mhadhiri. Swali la tisa amejibu vizuri: kuna mshauri wa mradi atakayekuwepo kila siku ya ukusanyaji, na hospitali ya rufaa imeshaandikiwa barua. Jina kwenye makala amesema "tutaona uchambuzi utakavyokwenda". Kibali cha maadili bado hakijatoka, kwa hiyo mashuleni hatuingii mpaka muhula wa Julai. Nimemuomba nianze mwezi wa sita, amekubali. Wiki sita za Dodoma zinaisha kabla.

Kwa hiyo naelekea ya pili halafu ya kwanza. Ujerumani imekaa pembeni, samahani @Mtu_wa_Sachsen.

Mtu_wa_Sachsen
Hakuna neno. Baridi haina haraka.

Mzee_wa_Dodoso
Vizuri. Singida kunapiga baridi asubuhi mwezi wa tano, beba sweta. Na kishkwambi wakikupa, piga picha kioo chake mbele ya msimamizi kabla hujasaini, wasije wakakukata kwa ufa uliokuwepo.

Kibali_Kimetoka
Huyo mhadhiri mwandikie leo barua pepe fupi: "kama tulivyozungumza, naanza tarehe fulani, malipo ni kiasi fulani, yanalipwa tarehe fulani ya mwezi." Akijibu "sawa" tu, inatosha. Na pesa ya mradi isipoingia, nani anakulipa? Hilo hujatuambia kama umeuliza.

Binti_Ubungo
Sijauliza. Naandika sasa hivi.